Pale Viboko Wanapokusanyika

Somoe mwanangu,

Mama yako yuko ndani, anafungua tena sanduku alilokwisha kulifunga. Mambo ya sweta, ya simu, ya sala, ya kutokula na watu usiowajua, ameshakwambia yote, na mengine amekwambia mpaka wewe mwenyewe unayamalizia kabla hajafika mwisho. Mimi hapo sina la kuongeza. Nimekaa barazani, korosho zimeanikwa mbele yangu, kuku wananisumbua, na nimechukua karatasi ulizobakiza za shule. Jua bado liko juu. Nataka nimalize kabla halijazama, maana macho yangu unayajua.

Ningekuambia kwa mdomo, lakini nikianza kuzungumza mambo ya bondeni nachoka haraka, na nikichoka nakuwa mkali, na wewe unanyamaza kwa heshima, tunabaki tumekaa tu. Kwa hiyo naandika. Soma mkishavuka Rufiji. Kabla ya hapo utakuwa unalia au umelala.

Huko chuoni utakutana na vijana waliokulia karibu na mbuga kubwa. Watakusimulia nyumbu wanavyohama kwa maelfu kufuata majani, wageni wanatoka nje ya nchi kuja kuwapiga picha. Watakuuliza kwenu kusini kuna nini. Najua utakavyojibu, utatabasamu na kusema kwetu kuna korosho. Usijibu hivyo. Kwetu pia wanyama wanahama, ila hakuna anayelipa kiingilio kuwatazama. Sisi tulilipa kwa namna nyingine.

Wewe ulizaliwa ukatukuta tayari tuna shamba bondeni, kwa hiyo huenda hujui tulivyoanza. Tulipooana tulikuwa na mikorosho michache hapa Ziwani, na mihogo. Mpunga hatukuwa nao. Mama yako akasema watu wanashuka Ruvuma wakati wa mvua, wanalima, wanarudi huku juu na magunia, na sisi twende. Tukashuka. Tulikuwa hatujui kitu. Tulidhani mto ni mto, uko pale pale siku zote, na wanyama wake wako humo siku zote.

Kumbe mto wenyewe hautulii. Kiangazi maji yanarudi nyuma, yanakuwa vijito vinavyopita katikati ya mchanga, hata mbuzi anavuka. Wakati huo viboko wote wa upande wetu na wa ng'ambo, Msumbiji, wanajikusanya kwenye kile kilindi cha kwenye kona, mahali pekee ambapo maji hayaishi. Wanabanana humo kama magunia kwenye lori. Mvua zikianza wanatawanyika. Kila mmoja anashika njia yake, wanaingia kwenye vidimbwi na kwenye majani mapya, na majani mapya katika bonde lile ndiyo mpunga wetu. Mwaka ukienda vizuri, wao wanapotoka kilindini ndipo sisi tunaposhuka kutoka huku juu. Tunapishana njiani, wao na sisi, wote tunafuata mvua ile ile.

Jirani yetu wa kwanza kule alikuwa Bibi Fatu, mama yake Jumanne. Dungu lake la kulindia mpunga na letu yalikuwa yanatazamana. Kati ya mashamba yetu na mto palikuwa na kipande kirefu kisicholimwa, udongo mweusi, mzuri, unaoshika maji hata mvua ikikatika. Nikamuuliza Bibi Fatu kwa nini kimeachwa. Akasema pale hapalimwi, ile ni njia ya viboko, na wao hawaachi njia. Mama yako aliposikia akasema basi, tulime hapa hapa tulipo. Mimi nikaona ni maneno ya wanawake wawili waoga. Msimu uliofuata nikakilima.

Sikupi hadithi hii kama jambo la siri, Somoe. Bonde zima linajua. Naieleza kwa sababu umeisikia mara nyingi kutoka kwangu, na kila mara nilikudanganya kidogo.

Namna nilivyokuwa nikiisimulia, kiboko alinifuata. Alinitoka majini, akanitafuta, akanishika. Kila mwaka alizidi kuwa mkubwa. Wageni wa hapa barazani walimjua akiwa na meno kama pembe za ndovu. Haikuwa hivyo. Kulikuwa kumeshakucha. Wewe na mama yako mlikuwa bado mmelala kwenye dungu. Mimi nikaona mpunga umelazwa katikati ya kile kipande, mstari mmoja mrefu kama barabara, nikashuka kwa hasira kwenda kuangalia. Nikatembea kwenye ule mstari huku naokota mashina, nimeinama. Sikujua kuwa kiboko mwenyewe alikuwa bado hajarudi majini. Alikuwa nyuma yangu, amechelewa, na mimi nilikuwa nimesimama kati yake na mto. Alikimbia kwenda kwenye maji. Mimi nilikuwa njiani. Akanikamata mguu, akaniachia, akapita. Ni hayo tu. Hakurudi hata kunitazama.

Mama yako alipiga kelele, akashuka nawe mgongoni. Jumanne ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa kijana tu wakati ule, hajaoa. Akavua shati akanifunga, akanibeba mgongoni mwake kutoka shambani mpaka barabarani, kwenye matope ya magotini, bila kunishusha. Nilimwambia aniweke chini apumzike. Akasema akiniweka chini hataweza kuniinua tena. Kule barabarani walipata pikipiki, nikafungwa kati ya dereva na Jumanne, wakanipeleka hospitali ya mjini. Mguu haukukatwa. Wakati mwingine nilitamani wangeukata, kwa namna ulivyopona.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoiona vibaya kuliko hata siku ile. Mama yako alishuka bondeni peke yake, akapanda peke yake, akalinda peke yake, akarudi hapa kupalilia mihogo na kuokota korosho. Mimi nilikaa. Kukaa kulikuwa lazima mwaka wa kwanza. Baada ya hapo nilikuwa naweza kufanya kazi nyingi za mikono, nikaona afadhali nibaki kuwa mtu aliyeumizwa na kiboko. Watu walikuwa wanakuja kunisikiliza. Nilipata jina. Kuna uchovu unaotokana na kazi, huo ukilala unaisha. Huu wangu ulikuwa wa kushikilia hasira moja kutwa nzima, na kesho yake tena, na ule hauishi kwa kulala.

Siku moja, ulikuwa hujaanza shule, ulikuwa umekaa pale kwenye ngazi unachezea vifuu, mimi namsimulia mgeni. Ukanisikiliza mpaka mwisho. Halafu ukaniuliza, "Baba, alikuwa anakwenda wapi?"

Nikakuambia alikuwa anakuja kunila mimi.

Ukafikiri kidogo. Ukasema, "Mbona hakukula?"

Yule mgeni akacheka. Mimi nikakufukuza barazani kwa fimbo niliyokuwa natembelea, ukaenda kujificha nyuma ya jiko. Jioni mama yako akaniambia, taratibu tu, kwamba mtoto ameuliza jambo ambalo sote tulikuwa tunataka kuuliza. Tangu siku ile sikuweza tena kuisimulia vizuri. Nikifika pale anaponishika, nilikuwa nakusikia wewe.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo shangazi yako Esha akatuita Msimbati. Aliona kaka yake anaoza. Tukapanda gari la kupita Madimba, pale penye mitambo ya gesi, tukakaa kwake muda mrefu. Sijui unakumbuka nini cha safari ile. Wewe ulikuwa unakumbuka pweza tu. Mimi nakumbuka vitwitwi, wale ndege wa ufukweni.

Maji yakitoka, ule ufuko wa matope upande wa mdomo wa Ruvuma ulikuwa unajaa ndege wadogo wa kijivu, wengi mpaka ukidhani matope yenyewe yanatembea. Shangazi yako alikuwa anatafuta chaza katikati yao bila kuwajali. Alisema wanatoka mbali sana kaskazini, wanakuja upepo wa kusi ukianza kulegea na wanaondoka katikati ya masika, kila mwaka, tangu yeye mtoto. Wewe ukawa unakwenda kuwatazama kila siku. Ndiwe uliyekuja kuniambia kwamba wameanza kubadilika rangi, vifua vyao vimekuwa vyekundu, na wamenenepa. Nikatoka kwenda kuona, kwanza kwa ajili ya kukunyamazisha. Kweli walikuwa wamenenepa. Walikuwa wanakula kama watu wenye safari. Wakiruka wote kwa pamoja walikuwa wanageuka hewani kama kitambaa kinachokung'utwa.

Halafu asubuhi moja tukaenda pamoja ufukweni, hawakuwepo. Matope matupu. Ulikaa chini ukalia. Shangazi yako akakubeba akakuambia wamekwenda kwao kutaga, watarudi. Ukauliza kwao ni huku au kule. Akasema kote. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na fimbo yangu, na ninakumbuka nilichofikiri. Nilifikiri kwamba hawa wanakula mali ya pwani miezi yote hii, wananenepa, wanaondoka bila kuaga, na hapa Msimbati hakuna mtu aliyewahi kuwakasirikia. Ni kwa sababu tu hawali mpunga. Nilirudi nyumbani kwa Esha nimechoka kuliko nilivyoondoka, lakini ulikuwa uchovu mwingine, wa mtu aliyetua mzigo na sasa ndiyo anaona mabega yanauma.

Tuliporudi Ziwani nilianza kushuka bondeni na mama yako. Nilikuwa nakaa dunguni napiga debe, nafukuza ndege na nguruwe. Kile kipande tulikiacha. Tuliviona viboko vikipita humo. Samahani, nimeandika kama vitu. Tuliwaona wakipita humo, na sikuwapenda. Usije ukamwambia mtu yeyote huko kwamba baba yako alijifunza kuwapenda. Nilijifunza kuwa nao katika bonde moja, basi.

Sasa nakuja kwenye ule mwaka ulipokuwa bwenini, ambao umesikia vipande vyake tu.

Mvua zilichelewa. Korosho ziliisha, tukaziuza, tukatazama juu, hakuna kitu. Mto ukazidi kuisha. Viboko wakazidi kujaa kwenye kile kilindi, na kilindi chenyewe kikawa kinapungua. Wanaotoka usiku kutafuta majani wakawa wanakwenda mbali zaidi, wanarudi mchana, wana njaa, wanapigana. Na sisi pia maji yetu ya kunywa yalikuwa pale pale, kwa maana visima vya vijiji vya bondeni vilikuwa vimekauka. Wanawake walikuwa wanachota upande mmoja, viboko wako upande wa pili. Mke wa Jumanne, Mwajuma, akakimbizwa akiwa na ndoo kichwani. Hakuguswa, lakini alianguka kwenye magogo akavunjika mkono, na mimba aliyokuwa nayo ikatoka.

Jumanne alikuja hapa. Hakupita kwa mama yako kama kawaida yake, alikuja moja kwa moja barazani akakaa. Alikuwa amekonda. Akanieleza kwamba yeye na wenzake wameamua. Wataweka dawa ya mikorosho ndani ya maboga na kuyaacha kwenye njia zao. Wakati huu wote wako mahali pamoja, itakuwa kazi ya usiku mmoja, mwaka kesho bonde litakuwa letu. Wazee wa kijiji walikuwa wanasita. Wakisikia kwamba Hamisi amekubali, hakuna atakayesema neno. Nani angenibishia mimi?

Nilimwambia tukaangalie kwanza. Sikuwa na hekima yoyote wakati ule, usinipambe. Nilikuwa natafuta muda. Mtu huyu alikuwa amenibeba mgongoni, na mke wake amelala nyumbani, mkono umefungwa bandeji, na hakuwahi kuniomba kitu.

Tukashuka mchana. Jua lilikuwa kali na hakukuwa na upepo. Tulikaa juu ya ukingo, mahali ambapo hawawezi kupanda. Somoe, sijawahi kuona kitu kama kile na sitaki kukiona tena. Maji yalikuwa yamebaki kama uji mzito wa kijani. Walikuwa wamelaliana humo, migongo imepasuka kwa jua, mingine inatoka damu. Hawakuwa na nafasi ya kugeuka. Mmoja akijaribu kusogea, wote wanalalamika, sauti inapita kutoka huku mpaka kule. Kambale walikuwa wanahema juu juu. Korongo walikuwa wamesimama pembeni kwa safu, wanangoja, na mamba wamelala mchangani, nao wanangoja. Kulikuwa na ndama amekufa kwenye ukingo wa matope, na jike mmoja alikuwa amesimama naye, kila korongo akikaribia anafungua mdomo bila nguvu, kisha anaufunga.

Jumanne alitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Ni yupi?"

Nikamuuliza yupi wa nini.

"Aliyekuvunja. Ni yupi kati yao?"

Nilikuwa nimeamini miaka yote ile kwamba nikimwona nitamjua. Nilikuwa nimewaeleza watu alama yake ya begani, sikio lake, macho yake. Nikawapitia mmoja mmoja kutoka kwenye ukingo ule. Wote walikuwa na alama. Wote walikuwa na masikio yaliyochanika. Huenda alikuwemo, huenda alishakufa zamani, huenda alikuwa amevuka kwenda ng'ambo.

Nikamwambia, "Simjui."

Nikamwambia pia yale mengine ambayo ni ya kawaida tu, kwamba wakifia humo, maji hayo tutakunywa sisi, na watu watakula nyama yenye dawa, na mamba na kambale, na sumu itashuka mpaka mdomoni mwa mto kwa akina Esha. Alikuwa anayajua yote. Hayo siyo yaliyomuuma. Kilichomuuma ni lile la kwanza. Alikuwa amenibeba kwa sababu ya kiboko, na mimi nimeshindwa hata kumwonesha kiboko mwenyewe. Aliinuka akaniacha pale ukingoni, nikapanda peke yangu na mguu huu mpaka barabarani. Sikumlaumu. Sikumlaumu hata nilipokuwa natambaa.

Kwenye mkutano nilisema jina langu lisitumike. Nilisema tuchimbe visima mchangani upande wa juu, mbali na kilindi, wanawake wachote huko. Wengine walinizomea. Mmoja alisema kiboko alinitoa akili pamoja na mguu. Lakini wazee walishika neno hilo, na siku iliyofuata watu wakaanza kuchimba. Ni kazi ngumu, mchanga unarudi ndani kila unapoutoa. Mimi sikuweza kuchimba. Nilikaa juu nachemsha chai na kulinda nguo za watu. Siku ya tatu au ya nne Jumanne alikuja na jembe lake. Hakunisalimia. Alichimba mpaka jioni, kwa sababu Mwajuma alihitaji maji ya kunywa, na ndivyo alivyoniambia baadaye, kwamba hakuja kwa ajili yangu.

Mvua hazikuanzia kwetu. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Mbingu zilikuwa nyeupe kabisa, hakuna wingu, na mto ukaja. Kwanza tuliona povu na majani makavu yanasukumwa mchangani, halafu maji mekundu nyuma yake, polepole, kama mtu anayemwaga ndoo sakafuni. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, Songea au wapi, kwa watu tusiowajua. Visima vyetu vyote vilifukiwa siku hiyo hiyo. Kufika kesho yake kilindi kilikuwa kimeungana na mto, na viboko walikuwa wameanza kutawanyika. Mama yako alisimama akiwatazama, akasema, "Nendeni." Sijui kama alikuwa anawaombea au anawafukuza.

Ungependa niseme kwamba baada ya hapo mambo yalikaa sawa. Msimu ule walikula mpunga wa Jumanne. Karibu wote. Wa kwetu hawakuugusa, walipita pembeni kwenye kile kipande tulichoacha. Jumanne alikuja akanisimamia hapa barazani, akaniambia kwa sauti ya chini niende nikaone wenzangu walichofanya. Nikaenda. Tulitembea kwenye mashina yaliyokatika, yeye mbele mimi nyuma. Nilikuwa na maneno mengi na hakuna hata moja lililostahili kutoka.

Tulipovuna, mama yako alimpelekea Mwajuma magunia bila kuniuliza. Nilipogundua nilifurahi kwamba hakuniuliza, kwa sababu ningemwambia angoje, nitafute namna nzuri. Mwajuma alipokea. Jumanne hakusema asante, na hakuyarudisha. Sasa tunasalimiana, tunazikana, tunakwenda msikiti mmoja. Alichonifanyia siku ile aliponibeba sijakilipa, na nadhani yeye anaona nilipopewa nafasi ya kulipa nilikataa. Labda ni kweli. Nimekaa na jambo hili muda mrefu na sijapata upande wake laini. Nakuandikia likiwa hivyo hivyo.

Ukarudi likizo ukatuambia umeomba chuo cha wanyamapori. Unakumbuka mama yako alivyonyamaza siku zile. Alizungumza na kuku, alizungumza na mihogo, na sisi hakuzungumza nasi. Mwishoni akasema lile neno. "Mume wangu walimchukua mguu. Mwanangu wanamchukua mzima." Ukaingia ndani ukalia, ukasema basi huendi. Mimi niliyesema nenda, watu wanadhani nimesahau. Sijasahau. Mguu unanikumbusha kila kunapotaka kunyesha. Nilisema nenda kwa sababu kati ya watu wote walioisikia hadithi yangu, ni wewe peke yako uliyemuulizia yule mnyama safari yake, na ulikuwa mdogo hata kamasi ulikuwa hujui kufuta.

Siku moja watakupa sare na kukupeleka kijiji ambacho mtu ameumizwa. Utakuwa na mambo ya kusema, umeyasoma, na ni ya kweli. Nakuomba usianze nayo. Usimwambie kwamba amelima kwenye njia yao. Mimi nilijua nimelima kwenye njia yao, nilijua tangu nikiwa chini kwenye matope, na kama mtu mwenye sare angekuja kunieleza hilo ningempiga na fimbo. Kaa kwenye baraza lake. Kama anataka kiboko awe na meno kama pembe za ndovu, mwache awe nayo. Uliza mke wake analima na nani. Uliza nani alimbeba. Mara nyingi aliyebeba ndiye anayehitaji kuulizwa, na hakuna anayemwendea.

Na usiwachukie watakaotaka kuua. Jumanne si mtu mbaya. Ni mtu bora kuliko mimi, na alikuwa amefika mahali ambapo maji yameisha. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, tafuta kwanza maji.

Na wewe mwenyewe utachoka. Kazi uliyoichagua ni ya kusimama katikati, na anayesimama katikati hana wa kumpikia. Ukichoka usifanye nilivyofanya, usiugeuze uchovu kuwa cheo. Rudi nyumbani hata bila sababu. Kama huwezi, mpigie mama yako umsikilize akizungumzia kuku.

Jua limeshuka mpaka kwenye miguu yangu. Mama yako ametoka akaniuliza naandika nini muda wote huu, nikamwambia salamu. Akasema salamu gani hizo ndefu. Nikamuuliza kama ana neno la kuongeza. Amesimama mlangoni akifikiri, halafu akasema hana, nikuambie tu ukiwaona hao nyumbu utulize moyo uwatazame vizuri kwa niaba yake, maana anasikia ni wengi. Kisha akarudi ndani haraka. Nadhani amelifungua tena sanduku.

Jambo la mwisho. Tangu ulipojua kutembea, ukitoka na mimi unapunguza mwendo. Sikuwahi kukufundisha, ulianza mwenyewe. Hata ukiwa na marafiki zako unawaacha watangulie, unabaki pembeni yangu, unajifanya unatazama miti. Nimekuona miaka yote hiyo na sikukuambia. Kesho tukitoka hapa kwenda kituoni usifanye hivyo. Mama yako atakuwa na mimi. Chukua begi lako utangulie, tembea kama unavyotembea ukiwa peke yako. Sijawahi kuuona mwendo wako, mwanangu. Nataka niuone.

Ni mimi baba yako,
Hamisi